Sungura Wetu Wanakula Nini Usiku?



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mpira, za mtihani wa Serikali na za kwaya. Leo sisi tunataka kuandika juu ya mnyama mdogo mwenye masikio marefu. Msicheke kwanza. Sisi ni ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, na wote tunasoma hapa: mmoja mwaka wa pili, mmoja wa nne, na yaya yetu yuko kalasi ya sita. Mnajua kwamba tangu mwezi wa kenda 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure, lakini sisi wa sekondari bado tunalipa. Basi pesa tunazopeleka kwa ekonoma zinatoka kwa sungura. Sungura akiuzwa sokoni, ni daftari na kalamu. Wakiuzwa wanne au watano, ni sehemu ya minerval. Kwa hiyo sungura akifa nyumbani kwetu, si habari ya watoto wanaochezea wanyama.

Kwanza tueleze kwa nini sungura wanalala ndani ya nyumba, maana wageni wanaotoka mijini hushangaa. Hapa Luberizi, na kotekote katika bonde la Ruzizi, wazee wanakumbuka namna ng'ombe na mbuzi walivyoporwa wakati wa vita vya 1996 na vya 1998. Watu wengi walibaki bila hata kwato moja. Ndipo wengi walijifunza kupenda wanyama wadogo. Mbuzi analia, ng'ombe anaacha nyayo njiani, lakini sungura halii, na mtu akikimbia anamtia katika kikapu juu ya kichwa pamoja na sufuria. Hata leo ambapo usiku unapita kimya, wezi wako. Kibanda cha nje kinavunjwa kwa mkono mmoja. Ndiyo sababu jua likizama kila mtu anaingiza sungura wake jikoni, anafunga mlango, na analala.

Na hapo jikoni, ndani ya giza, kuna nini? Kuna mbabula na makala. Kuna kipande cha sabuni, bido ya mawese, kamba ya nailoni, mifuko ya mchele, kambambili za mama, waya ya pano ya jua inayoshuka ukutani, na sashe nyeusi za soko, moja ilikuwa na chumvi, nyingine ilikuwa na ndagala. Zamani jiko la mababu lilikuwa na majani, udongo na miti tu. Sungura angetafuna nini cha kumuua pale? Siku hizi jiko ni duka.

Sasa habari yenyewe. Tulikuwa na jike mmoja mweusi, ndiye mama wa wote. Alikuwa ameachisha watoto sita, wazuri, na alikuwa karibu kupelekwa tena kwa dume. Ilikuwa kiangazi, mwezi wa saba. Asubuhi moja tulipoleta matembele yeye hakuja. Alikaa pembeni, mgongo umeinuka kama mzee mwenye baridi, macho nusu, na akiwa hatafuni kitu meno yake yalikuwa yanasagana. Tulifagia mahali pake, hatukuona mavi hata punje moja. Mama akasema, "Ni baridi ya usiku tu, mumuache apate jua." Jirani mmoja akaleta vidonge viwili vya ampisilini, akasema, "Muvunje, mumupatie na maji, kesho atakula." Mama akakataa, kwa maana dawa ya watu ina bei, na jirani akarudi navyo. Mama alikataa kwa sababu ya pesa, kumbe alikuwa na haki kwa sababu nyingine ambayo tutaeleza mbele.

Siku ya pili tumbo lilikuwa gumu kama mpira. Siku ya tatu, saa ile kengele ya shule inalia, akafa.

Baba mdogo alikuja jioni na kisu, akampasua juu ya jani la mgomba, akisema hawezi kuzika kitu kisichojulikana. Ndani ya tumbo alitoa donge kubwa kama limau. Tulilivunja kwa kijiti. Kulikuwa na manyoya yake mwenyewe, vipande vya sashe nyeusi, na nyuzi za rangi ya buluu, nyingi, zimesokotwa kama kamba. Tulizijua zile nyuzi mara moja. Ni za chandarua, ile mustikere ya zamani iliyotundikwa mbele ya sungura ili paka asiingie. Nyuma ya lile donge matumbo yalikuwa matupu. Hakuna aliyesema neno. Mama alianza kuhesabu vidole, na sisi tulijua anahesabu nini. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, watoto wananyonya mwezi na zaidi, tena wanahitaji miezi mingine wapate uzito. Alikuwa anahesabu mpaka siku ya kulipa.

Tulimwendea mwalimu wa biolojia na swali moja: huyu mnyama ana wazimu? Kwa nini ale mustikere wakati kuna maganda ya viazi mbele yake? Mwalimu hakucheka. Alituambia tuchore meno.

Sungura mkubwa ana meno 28. Yale ya mbele hayaachi kukua tangu anazaliwa mpaka anakufa, yanaongezeka karibu milimeta 2 kila juma, hata zaidi, maana yake zaidi ya sentimeta 10 kwa mwaka. Fikiri meno yako yakue hivyo! Magego nayo hayaachi kukua. Kinachoyazuia ni kutafuna tu: jino linasugua jino, na majani magumu yanasugua yote mawili. Sungura asipotafuna, meno yanampita mdomo, yanajikunja, yanamchoma ulimi na mashavu, mwishowe anashindwa kula. Kwa hiyo anapouma mguu wa kiti saa nane ya usiku, anafanya kazi ambayo mwili wake unamdai. Mtu anayempiga kwa ajili ya hiyo anampiga bure.

Jambo la pili ndilo lilitushangaza zaidi. Sungura hawezi kutapika. Mbwa akila kitu kibaya anakitoa, paka pia, mtoto mchanga pia. Kwa sungura mlango wa tumbo unafunguka upande mmoja tu. Kilichoingia lazima kipite chote, mpaka nyuma, au kibaki. Hata manyoya anayolamba mwilini mwake yanaingia tumboni kila siku, na hayamdhuru mradi majani ni mengi, kwa sababu majani ndiyo yanayosukuma. Majani yakipungua, manyoya yanakaa. Sashe na nyuzi zikija juu yake, zinakamatana nayo, na ndipo lile limau linafanyika.

Hapa yaya yetu aliuliza juu ya Mambo ya Walawi 11, ambapo sungura anahesabiwa kati ya wanyama wanaocheua, kwa kuwa tunajua wako wenzetu ambao hawamli kwa sababu ya sura hiyo. Mwalimu alisema hilo kila mtu na dhamiri yake, lakini kwa upande wa mwili jambo liko hivi: sungura hana matumbo manne kama ng'ombe. Chakula chake kinavundikwa katika mfuko mkubwa wa utumbo ulio nyuma, halafu usiku anatoa mavi laini, anayapokea kwa mdomo na kuyameza, yapite mara ya pili. Mdomo wake hauachi kwenda. Tena, yule sungura wa hadithi zetu, mjanja wa kumshinda fisi, ni wa porini na ni jamaa mwingine. Huyu wa jikoni babu zake walitoka nchi za Hispania huko Ulaya. Ujanja wa yule wa hadithi huyu hakuurithi, kwa maana angejua sashe si jani.

Tangu siku hiyo tulianza kulinda. Majuma mawili, kila usiku mmoja wetu aliamka na tochi, akaangalia sungura wanafanya nini, akaandika. Mwenzetu mdogo alilala mara mbili juu ya daftari, lakini mengine yaliandikwa sawasawa.

Mbao wanazipenda kuliko vyote. Makala wanayauma kidogo na kuyaacha. Sabuni mmoja aliilamba, akatikisa kichwa, hakurudi. Kambambili ya mama, ya mpira laini, ilipungua kisigino kwa usiku mmoja, na vipande vingine tulivipata chini, vingine hatukuvipata. Hapo mama alisema maneno ambayo bulteni haiwezi kuandika. Matela ya kitanda pia ni hatari: sponji inakatika vidonge vidogo, na ikinyonya maji inavimba.

Karatasi na katoni hazina neno kubwa, kama ni kidogo na hazina plastiki juu. Tunajua vizuri kwa kuwa daftari la kemia la mmoja wetu liliwahi kuliwa, kurasa za asidi na besi zote, na yule sungura bado ni mzima na mnene. Aliyepata shida ni mwenye daftari. Alipofika kalasini akasema, "Mwalimu, devwari imeliwa na sungura," hakuna aliyeamini, na mpaka leo wanamwita Besi.

Waya ni habari nyingine. Sisi hapa tunatumia pano ndogo na batri ya volti 12. Sungura akikata waya hiyo hasikii kitu kikubwa, lakini anaweza kumeza vipande vya shaba na plastiki, na nyumba inalala giza. Lakini mwenye jamaa Uvira au Bukavu, kwenye umeme wa SNEL wa volti 220, awaambie hivi: sungura anapenda kukata waya kama kwamba ni mzizi unaozuia njia yake, na huo utakuwa mzizi wake wa mwisho. Nyumba inaweza kushika moto pia. Sisi tulipitisha waya yetu ndani ya kipande cha tete lililotobolewa. Mama aliona vizuri akasema hata panya hataipata.

Mustikere inahitaji maneno yake. Vile vyandarua vinavyogawiwa kwa kuzuia malaria vimetiwa dawa ya kuua mbu. Vikizeeka watu wanavitumia kufunika vifaranga, kuzungushia mboga, kuziba madirisha ya kibanda. Mtu akivitazama anafikiri ni kitambaa. Kumbe nyuzi zake ni za plastiki, na tumbo la sungura halina kitu cha kuziyeyusha. Uzi ni mbaya kuliko kipande kwa sababu unashika utumbo hapa na pale, na utumbo ukijivuta unajikunja wenyewe. Mfuko wa mchele uliotanuka nyuzi ni ndugu yake. Kamba ya nailoni pia. Sisi tumetoa vyote vitatu mahali ambapo sungura wanafika.

Na sashe? Mtu atasema serikali ilizikataza. Ni kweli. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki katika Kongo yote. Ng'ambo ya mto, Rwanda ilikuwa imekwisha kuzikataza tangu 2008. Lakini nenda sokoni ukanunue chumvi uone unafungiwa na nini. Upepo wa kiangazi unazileta mpaka mlangoni. Wala si sungura peke yake anayezimeza. Kule juu, Ruzizi inapotoka katika ziwa Kivu, plastiki za Bukavu zinakwenda kuziba mashini za umeme za Ruzizi ya Kwanza, na wafanyakazi wanaziondoa, kesho yake zinarudi. Kama mashini ya chuma inashindwa, tumbo la sungura la kushika kwa mkono mmoja litafanya nini?

Lakini tulipoangalia daftari letu la usiku tuliona jambo ambalo hatukulitafuta. Usiku ambao tulileta majani mengi magumu, sungura karibu hawakugusa vyombo. Usiku ambao walikula maganda ya viazi, mabaki ya bugali na matembele laini tu, walishiba, tumbo lilikuwa nene, na bado walitafuna kila kitu mpaka alfajiri. Tumbo lilikuwa limejaa, meno yalikuwa na njaa. Ndiyo maana yule jike alikufa mwezi wa saba. Wakati wa mvua hakuna anayefikiri juu ya majani, yako mlangoni. Kiangazi nyasi za bonde zinakauka, nyingine zinachomwa moto, na sisi sote tunarudi kwa maganda. Kwa hiyo sisi hatukubali maneno ya wanaosema, "Ondoa sashe, yamekwisha." Ukiondoa sashe ataenda kwa kambambili, ukiondoa kambambili ataenda kwa blanketi. Mpe kwanza kazi ya usiku.

Tunachowapa sasa ni mashina ya matete, majani makavu tuliyoanika mwezi wa tano kabla nyasi hazijaisha, vilele vya miwa, matawi ya mpera pamoja na majani yake. Wanamenya ganda la tawi mpaka linakuwa jeupe kama mfupa. Magunzi ya mahindi tumeacha, kwa kuwa yanakatika vipande vigumu visivyolainika tumboni. Majani ya avoka hapana, ni sumu kwake. Sombe mbichi nayo hapana, hasa ya muhogo mchungu: mama zetu wanaitwanga na kuipika muda mrefu kwa sababu, na sungura hana kinu.

Mama alikuwa na shauri lake. "Mukijaza majani mu jikoni, nyoka atalala humo." Hatuwezi kusema anadanganya. Tulitundika majani ndani ya wavu wa matete ukutani, juu ya vichwa vya sungura, wanayavuta kidogokidogo, na chini panafagiwa kila asubuhi. Kufagia huko kunatusaidia jambo lingine: tunahesabu mavi. Mavi makubwa, ya mviringo, mengi, ni afya. Yakiwa madogo na makavu, au yamefungana na manyoya kama shanga, tunaongeza majani na maji siku ileile. Sungura asiyekula na asiyetoa mavi tangu asubuhi mpaka jioni ni mgonjwa sana, asingojewe mpaka kesho. Apelekwe kwa mganga wa wanyama kama anapatikana. Maji, majani mabichi, kumwacha atembee na kumpapasa tumbo polepole kunaweza kusaidia ikiwa tumbo limelala tu. Ikiwa kuna limau ndani, mkono hautoshi. Huko mijini mwa mbali wanapasua na kulitoa. Hapa kwetu jambo hilo hatulioni.

Na vile vidonge vya jirani? Ampisilini na ndugu zake wa penisilini, sungura akipewa kwa kinywa, vinaua vijidudu vizuri vinavyovundika chakula chake, vibaya vinapata nafasi, na sungura anakufa kwa kuhara. Kwa mtu ni dawa, kwa yeye ni sumu. Tunaandika hivyo bila kumlaumu jirani, ambaye alitoa kitu chake kwa roho nzuri.

Watoto sita wa yule mweusi wameishi wote. Watatu wameuzwa, ekonoma anajua. Majike mawili yamebaki kuzaa. Kazi iliyobaki ni sanduku la kuinuliwa juu ya miguu, ndani ya jiko, chini pawe na vipande vya mwanzi vilivyoachana kidogo ili mavi yaanguke, mlango uwe wa mbao. Mwizi hataliona, na sungura hatafika kwenye waya wala viatu. Mwanzi tunao. Mbao hatuna, na zile tulizopewa zina rangi ya zamani inayobanduka, nayo rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake. Zitafaa kwa mlango wa choo.

Kwa hiyo mwenye mbao zisizo na rangi, hata za sanduku la kuvunjika, hata fupi za mita moja, atuambie wakati wa mapumziko chini ya mwembe. Hatuna pesa, lakini tutabadilishana. Mbao sita kwa mtoto mmoja wa sungura. Mwenye kumi na mbili tutampa wawili, dume na jike wasio wa mama mmoja, pamoja na fungu la matete ya juma la kwanza.

Ni sisi ndugu watatu, wa mwaka wa pili, wa nne na wa sita.